Oili Iliyopanda Juu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo mchana, na mkwe wangu ameniomba nifunge mdomo. Hakusema hivyo, yule ana adabu zake. Aliketi karibu yangu jikoni, akanimenyea vitunguu ambavyo sikumwomba, kisha akasema, "Mama, mpaka mvua hizi ziishe, nakuomba usimwambie neno lolote la kazi. Mwache tu." Anayeachwa ni mwanangu, mumewe, fundi magari ambaye tangu mvua za mwaka jana hajashika spana.

Nimekubali. Ila maneno yangu hayakai tumboni, yanachacha. Mjukuu wangu, binti yao, akanipa daftari tupu akasema, "Yamwage humu, Bibi." Shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilizidaka kwa wanangu walipokuwa wakisoma kwa sauti na mimi nafua, nikiziandika kwa kidole juu ya povu. Kwa hiyo mwandiko wangu unateleza. Atakayecheka na afue yeye.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimwage lile kubwa, nilitue.

Mwaka jana, siku kama hii, ardhi imelowa, mwanangu alikuwa amelala chini ya gari la mteja anafungua bolti ya kumwagia oili. Jeki ikazama kwenye tope. Gari likamkalia kifuani. Majirani walilinyanyua kwa mikono, na mimi nilikuwa mmoja wao, ingawa mgongo wangu haukukubali na mpaka leo unanisema.

Hospitali walimtia mpira mwembamba katikati ya mbavu. Nilikaa pale pembeni. Damu iliyokuwa imejaa ndani kifuani ikawa inatoka yenyewe, polepole, inapita kwenye ule mpira kama inajua njia. Hawakumpasua kifua. Tundu dogo la kupita kidole, basi, na pumzi yake ikarudi mbele ya macho yangu. Nimezaa, nimezalisha, nimeosha maiti, lakini kitu kile kilinikausha mate.

Sasa amepona. Daktari amesema hivyo, na mimi naona: anabeba gunia la unga, anapanda ngazi kubadili taa. Gari ndilo hataki. Anakaa barazani anatazama mvua, na likipita gari linalokohoa anainamisha kichwa. Mimi moyoni namwita mvivu. Moyoni tu, maana nimeahidi.

Jumatatu, 11 Machi

Kobe anaunguruma vibaya.

Kobe ni gari letu. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye alimpa jina hilo kwa sababu tumbo lake liko chini na haharakishwi. Siku hizi mkwe wangu ndiye anamwendesha. Kila alfajiri anachukua mikate kwa mwoka mikate na kuisambaza madukani, na kwa mikate hiyo sote tunakula. Kobe akifa, tumekwisha.

Mvua inapojaza maji uani, mkwe anampandisha magurudumu ya mbele juu ya ule ukingo mpana wa saruji, pua juu, kama mbuzi anayetaka majani. Leo alichomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha. Nyeusi, nzito, inanuka moshi. Oili ya namna hiyo haipaki injini mafuta, inaisaga. Ilitakiwa imwagwe zamani.

"Nimpeleke kwa fundi wa kona?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Nikamjibu amuulize mumewe. Akamuuliza. Mwanangu akasema, "Mpeleke," kisha akasukuma sahani yake katikati ya meza. Hakula. Mkwe hakumpeleka Kobe popote. Mke anayemjua mumewe hasomi maneno, anasoma sahani.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Mjukuu wangu amerudi kutoka dukani, anakouza vipuri vya magari, viatu mkononi. Nikamtania, mke mwenzangu, ukiugua nani atamhudumia babu yako kaburini. Akasema zamu hii ni yangu. Tumecheka sisi wawili tu.

Jumanne, 19 Machi

Nimevunja ahadi.

Kobe alizima njiani akiwa na mikate. Mkwe amesukumiwa gari na wapita njia, akarudi amelowa mpaka nywele, mikate ya chini imekuwa uji. Akaingia, akaanza kuanika yale magunia ya turubai anayofunikia mikate. Mumewe akamtazama, akarudi kutazama mvua.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilimwambia yote. Kwamba mbavu zimeunga, kwamba bolti ni ile moja, inafunguliwa kwa muda wa kuchemsha chai, kwamba baba yake aliingia chini ya Kobe mpaka mvi zikamjaa. Nilisema na mengine, siyaandiki.

Hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Alisema tu, "Mama, wewe hujawahi kuwa kule chini."

Na ni kweli. Miaka yote hiyo ya kufua maovaroli ya mafundi wawili, sijawahi.

Jumatano, 20 Machi

Leo jua lilichungulia kabla ya mchana. Mkwe amelala kidogo, mwanangu ameenda kunyolewa. Kobe yuko juu ya ukingo, pua juu. Niliuchukua ufunguo nikautia kifuani kwangu, pale hata mume wangu alikuwa akibisha hodi, nikakandamiza jiwe nyuma ya kila gurudumu, nikatandika gunia, nikalala chali, nikajisukuma kwa visigino.

Nilifikiri nitaona chuma. Chuma ni kitu gani, nina sufuria za chuma.

Hapana. Kule chini hakuna mbingu. Ni tumbo jeusi, kubwa, liko karibu na pua kiasi kwamba pumzi yako inagonga na kukurudia usoni. Linadondosha maji polepole. Halisemi kitu, lakini unasikia uzito wake kwenye meno. Nilitaka kugeuza kichwa, bega likagota. Nikanyanyua mkono kugusa ile bolti niliyoisema jana kwa majivuno, na mkono wangu, huu uliokata vitovu vya watoto wa mtaa mzima, ukakataa.

Nikawaza, yeye alikuwa hapa, na hili likashuka.

Sijui nilikaa muda gani. Nilitoka nikiwa na tope mpaka kwenye masikio, nikakaa chini nikishika nyasi, kama mtu aliyeshushwa kutoka mtini.

Mvivu ni nani? Mtu akishaonja lile, akaamka kesho yake akavaa shati na kumwambia mkewe habari za asubuhi, huyo ana nguvu ambazo mimi sikuwa nimeziona. Niliishi naye nyumba moja nikiangalia mikono yake iliyolala, nisione alichokuwa amebeba.

Jioni nilimpelekea chai. Sukari niliyotia ingeweza kuozesha meno ya tembo. Akainywa yote.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua, tena ya upepo. Bati la choo limeruka.

Jumatatu, 1 Aprili

Mjukuu wangu ameleta kitu.

Amekibeba kwenye kasha lililochanika. Mteja alikiagiza dukani, kilipokuja akakizungusha, akasema kimefanana na bomba la kupulizia mende, akakikataa. Mwenye duka akamwambia binti, nenda nacho nyumbani, mkijua kinafanyaje mje mniambie.

Ni kopo nene la plastiki, mviringo, ukubwa wa ndoo ndogo. Juu lina mpini wa kusukuma na kuvuta, kama pampu ya baiskeli. Ubavuni umetoka mrija mwembamba, mrefu, unaona ndani yake. Binti akaeleza: unachomoa kijiti cha oili, pale pale kilipokuwa unatumbukiza mrija mpaka chini kabisa ndani ya injini. Kisha unapiga pampu. Hewa inatoka ndani ya kopo. Kopo linabaki tupu, tupu kweli kweli, lina njaa, na kwa njaa hiyo linaivuta oili juu.

"Juu?" mkwe wangu aliuliza.

"Juu. Hakuna kulala chini. Hakuna jeki."

Neno jeki lilipotoka tukageuka sote kutazama barazani. Mwanangu alikuwa amesikia. Alikuja, akalitazama lile kopo bila kuligusa, akasema oili inatoka chini tangu magari yaanze, akaingia ndani.

Lakini mimi sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa natazama mrija. Nilikuwa nimeuona. Niliuona umetoka katikati ya mbavu za mtoto wangu.

Jumamosi, 6 Aprili

Siku ya leo itanimalizia kurasa.

Mvua ilipungua ikawa manyunyu. Mkwe na mjukuu wakasema tujaribu. Walifungua boneti, wakachomoa kijiti, wakatumbukiza mrija. Binti akapiga pampu, akapiga, jasho likamtoka. Mrijani kikaja kitu kama mkia wa panya, kikasimama. Nikawaambia mbona hata mafuta ya kupikia yakiganda hayamwagiki, mpasheni moto. Wakawasha Kobe akanguruma kidogo, wakazima, wakarudia.

Hapo ndipo nilipoiona.

Binti alikuwa ameshaachia mpini. Hakuna mtu aliyekuwa anagusa kitu. Na oili ikaanza kupanda. Nyeusi tii, inapanda mrijani peke yake, haina haraka, inapinda kwenye kona, inashuka ndani ya kopo kwa sauti ya mtoto anayenyonya. Kila kitu nilichowahi kukiona maishani kinashuka: maji, machozi, mvua hii isiyochoka, gari lile. Hii ilikuwa inapanda. Nilisimama na kanga kichwani imelowa, nikasahau hata kumwambia binti ajifunike. Nikaweka kiganja juu ya kopo. Lilikuwa na joto la mtu.

Kisha mrija ukakoroma, ukavuta hewa. "Imekwisha," mjukuu akasema. Mkwe alifurahi mpaka akapiga magoti kwenye tope. Wakachukua dumu la oili mpya, wakamimina lote. Kobe akawashwa.

Mwanzoni akaunguruma vizuri. Halafu akaanza kutoa moshi nyuma, mweupe wenye rangi ya bluu, mzito, ukajaa uani mpaka sikumwona mkwe wangu. Injini ikawa inatoa sauti ya mtu anayesukutua koo.

"Zima."

Hakupiga kelele. Lakini neno hilo lilikata moshi. Mwanangu alikuwa ametoka ndani, peku, na alikuwa amesimama mbele ya gari. Tangu mwaka jana hakuwahi kufika pale.

Mkwe akazima. Mumewe akachomoa kijiti, akakipangusa kwenye shati lake safi, akakirudisha, akakitoa tena. Oili ilikuwa imepita alama kwa mbali. Akalitazama kopo: halikufika hata nusu. Akaelewa kabla sisi hatujafungua midomo. Mrija haukufika chini. Ulitoa ya juu tu, ukaacha nyingine, na sisi tukamwagia dumu zima juu yake. Tulimlisha Kobe akiwa ameshiba.

Mkwe wangu akaanza kulia. Alisema, "Nimemuua." Mumewe akamshika bega kidogo, kwa mkono ule ule wenye oili, alama ikabaki pale. Akamwambia hajafa, amezidishiwa tu, atapunguzwa, basi.

Kisha akaniomba maji ya moto.

Nilikimbia. Mimi, kwa magoti haya. Aliuloweka mrija kwenye beseni, akaunyoosha kwa vidole mpaka ule mkunjo wa kukaa kwenye kasha ukaisha. Ndio uliokuwa unaugeuza kule ndani, akasema, ukajikunja juu ya oili kama nyoka aliyelala. Akautumbukiza upya. Safari hii aliusukuma taratibu, anauzungusha kwa ncha za vidole, na macho akayafumba.

Manyunyu yakawa yanagonga boneti.

"Nimegusa," akasema.

Alikuwa amesimama wima, miguu yake miwili juu ya ardhi, anga lote liko juu ya kichwa chake, na vidole vyake vilikuwa chini kabisa ya gari. Niliona usoni mwake kwamba anaijua ile sehemu, anaipapasa kule gizani kama mtu anavyopapasa chumba alichozaliwa.

Akapiga pampu, akaachia. Oili ikapanda, ikapanda, kopo likajaa.

Mdomo wangu nao ukajiendea. "Ndivyo walivyokutoa wewe ile damu," nikamwambia. "Kwa mrija kama huo."

Hakuinua kichwa. Akauliza, "Uliona?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Sikupepesa."

"Ilikuwaje?"

Hakuna aliyewahi kumweleza. Mwaka mzima, wote tukimkwepesha neno hilo kama yai. Basi nikamweleza, pale pale kwenye manyunyu: namna damu ilivyotoka, namna midomo yake ilivyorudi rangi, namna nesi alivyosema kifua sasa kina nafasi. Alisikiliza huku anatazama mrija. Ulipokoroma safari hii akainamisha kopo, akaupeleka huku na huku kutafuta tone la mwisho, kisha akasema, "Sasa ina nafasi."

Oili mpya, ya dumu la pili, akaimimina mwenyewe, kidogo kidogo, kila mara akipima. Kobe akawashwa. Moshi ulitoka kidogo, ukachoka. Halafu sauti ikawa ile ya zamani, ya mume wangu akirudi nyumbani.

Jumapili, 7 Aprili

Furaha ya jana imechomwa sindano. Mkwe alimuuliza kama sasa Kobe yuko tayari. Akasema bado filta, kile kikopo kinachochuja oili. Oili mpya kwenye filta chafu ni sawa na kuoga ukavaa nguo ya jana. "Tuibadili basi," mkwe akasema.

"Ya Kobe iko chini," akajibu, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu.

Nimeshika mdomo wangu kwa vidole viwili.

Ijumaa, 19 Aprili

Habari imetoka. Nesi jirani yetu ameleta kigari chake, kisha akaja mwoka mikate na gari lake la kusambazia. Magari yale filta zake ziko juu, unazifikia ukiwa umeinama tu. Mwanangu anavaa ovaroli. Watu wanakuja kutazama oili ikipanda, wanasimama na miavuli kama wako harusini. Fundi wa kona naye alikuja, akasema hiyo si kazi, ni kunywa soda. Wakambandika mwanangu jina, Fundi Mrija. Nilitaka kumrukia fundi wa kona, lakini mwanangu mwenyewe alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mvua za mwaka jana, nikamsamehe yule mzembe papo hapo.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua inapungua. Leo amewarudisha wateja watatu. Filta ziko chini. Kila akirudisha mmoja anarudi kukaa barazani, na ovaroli amevaa. Hiyo ni mbaya kuliko kukaa bila ovaroli.

Jumatatu, 6 Mei

Manyunyu.

Jumapili, 12 Mei

Jua. Uani kumekauka, tope limepasuka kama ukoko wa wali. Mvua zimeisha, na ahadi yangu nayo imeisha, ningeweza kusema nitakalo. Sikusema.

Asubuhi baada ya chai, mkwe akiwa anamsuka mjukuu nywele, nilitandika gunia langu. Kobe alikuwa juu ya ukingo wake. Mawe nyuma ya magurudumu, ufunguo kifuani. Nikalala chali, nikajisukuma. Tumbo lile lile, jeusi, zito kwenye meno. Safari hii tulifahamiana.

Nikasikia miguu inakuja mbio.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Nabadili filta."

"Toka, mama."

"Nikitoka nani ataifungua?"

"Hata hujui iko wapi."

"Basi nielekeze, si wewe fundi."

Akachuchumaa. Niliona magoti yake, kisha kidole chake kinanyoosha. Nikashika kitu. Akasema siyo. Nikashika kingine. Akasema hiyo ni bolti ya oili, usiiguse tafadhali. Nikashika cha tatu, nacho kilikuwa na ncha kali, nikanyonya kidole, na sikufanya makusudi, Mungu ananiona. Aliguna. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Haukufika. Akaingiza bega.

"Kushoto kwako. Hapana, juu zaidi. Mama, juu."

"Mimi nalala chali, kushoto kwangu ni kupi?"

Akageuka akalala chali naye, akajivuta. Bega lake likagusa langu. Lilinuka sabuni na oili. Mkono wake ukapita juu ya uso wangu, ukaushika mkono wangu, ukaupeleka mahali pa baridi, pa mviringo.

"Hapa. Shika imara. Zungusha hivi."

Tukazungusha pamoja. Filta ikagoma, ikalegea, tone la oili likanidondokea kwenye paji la uso, likatambaa mpaka sikioni. Akacheka. Kicheko chake kiligonga kile chuma, kikarudi juu yetu sote wawili.

Nikageuza kichwa kidogo. Juu ya pua yake palikuwa na shibiri moja tu, halafu gari zima. Alikuwa anapapasa kwa kidole mahali filta ilipokaa, anasafisha uchafu, ananung'unika kuhusu mtu aliyeifunga mwanzo kwamba ameikaza kama adui, na mtu huyo ni baba yake. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Vizuri. Kwa nafasi.

Alikuwa hajajua yuko wapi.

Nje niliona miguu ya mkwe wangu na ya mjukuu, imesimama pamoja kwenye jua, haisogei.

Na mimi mdomo ulikuwa umeshafunguka, neno liko kwenye ncha ya ulimi, zito, tamu. Nikalimeza. Nilimpa filta mpya. Akaipaka oili kidogo kwenye ukingo wake kwa kidole, akaipandisha, akaikaza kwa mkono.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Naangalia kazi."